Siku nne Ujiji, sisi wawili tu

Kwetu Kasongo mume na mke wakionekana alfajiri kwenye kituo cha moto, wamebeba mfuko mmoja na hawana mtoto mgongoni, watu huuliza kwanza nani amefariki. Safari za watu waliooana tunazijua kwa majina yake. Kuna ya msiba, kuna ya hospitali, kuna ya kupeleka mahari ya mdogo wako, na kuna ile ambayo nyumba nyingi za kusini mwa Maniema zimeionja, ya kukimbia risasi. Safari ya kupumzika haina jina. Nilipowaambia walimu wenzangu kwamba likizo kubwa ikifika mimi na baba wa watoto tutakwenda Ujiji, ng'ambo ya ziwa, wakauliza tunaenda kuuza nini. Nikasema hatuuzi. Kununua? Hapana. Sasa mnaenda kufanya nini? Nikasema, kukaa. Wakacheka mpaka kengele ikalia.

Tangu turudi, wengi wa wale waliocheka wamenivuta pembeni, mmoja mmoja, kuuliza njia inakwendaje na inakula pesa gani. Basi badala ya kujibu mara ishirini, naandika hapa mara moja.

Tuanze na kwa nini Ujiji. Watu wa mijini wakitaka kupumzika wanakwenda baharini. Kongo yetu ina bahari pia, ukingo mdogo wa kilomita 40 hivi kule Muanda, lakini kutoka Kasongo hadi Muanda ni kukata nchi nzima, na mshahara wa mwalimu haukati nchi. Bahari yetu sisi ni Tanganyika. Hata wazungu waliopita zamani na misafara waliandika katika vitabu vyao "bahari ya Ujiji", na ukiisimamia hutabisha: urefu wake ni kilomita 670 hivi, na kina kinafika mita 1,470, ziwa la pili duniani kwa kina baada ya Baikal ya Urusi. Mimi nafundisha historia na jiografia, na kila mwaka huandika ubaoni kwamba maji ya ziwa hili yanatoka kwa mto Lukuga pale Kalemie, yanaingia Lualaba, yanashuka kuja upande wetu. Kwa miaka mingi nimeandika hivyo bila kuyaona yanakotoka.

Ukipima kwa mstari ulionyooka, toka Kasongo mpaka Ujiji ni kilomita 330 hivi. Ni karibu zaidi kuliko miji yetu mingi tunayoitaja kila siku. Lakini sisi hatuihesabu kuwa karibu, kwa sababu ya jinsi watu wetu walivyoifikia.

Hapo niseme habari ya baba wa watoto, naye ameniruhusu. Yeye ni mtoto wa Kabambare. Mwaka 1998 vita vilipoanza tena alikuwa na miaka kumi. Wakatembea na mama yake mpaka ziwani, wakavuka usiku, wakapokelewa Kigoma, wakapakiwa kwenye lori, wakapelekwa kambi ya Nyarugusu. Alikaa kule miaka minane, akasoma kule, akarudi kijana na meli iliyokodiwa na HCR kurudisha watu Baraka. Miaka minane katika mkoa wa Kigoma, na ziwa aliliona mara mbili tu, siku ya kuja na siku ya kurudi, mara zote akiwa amesimama katika mstari. Tumeoana miaka 11. Hayo mawili matatu ndiyo niliyokuwa nayajua. Nikiuliza zaidi alikuwa anasema, "Mwalimu, hiyo imekwisha," na kutoka nje kuangalia mbuzi.

Kwa hiyo wazo la Ujiji halikuwa langu. Lilikuwa lake. Jioni moja, tukihesabu bati za jikoni, akasema: "Nataka nikakae kwenye maji yale siku moja bila mtu kuniita jina kutoka kwenye orodha." Nikaweka kalamu chini.

Pesa ilitoka mahali pawili. Kwanza likelemba yetu ya walimu wanawake, tuko kumi na wawili. Zamu yangu iliangukia mwezi wa sita. Pili mchele: tuliuza magunia matatu, ambayo miaka mingine yangekwenda kwenye bati zile zile. Bati zimengoja. Watoto watatu tuliwaacha kwa mama mkwe, na hapa nilikuwa na hofu, maana yule mama anajua kuuliza. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nendeni. Mimi na marehemu baba yenu tulitazamana shambani tu, na shambani mtu anatazama jembe." Akaomba tumletee ndakala wakavu wa ng'ambo, basi.

Njia nisiirefushe, maana njia yetu mnaijua. Tulikwenda kiangazi, mwezi wa nane, moto moja ya kukodi na dereva wake, sisi wawili nyuma. Kasongo hadi Kabambare siku nzima. Tulilala kwa ndugu zake siku mbili, tukitandikiwa mkeka na kupewa sombe mpaka tukashindwa kuinuka. Kutoka hapo unafuatana na moto za watu wa dhahabu wa Salamabila, wamefunga majerikeni na mabeleshi, halafu wao wanashika njia yao nawe unashika ya Lulimba na Fizi. Vizuizi vipo, na kila kizuizi kina mkono wake. Weka noti ndogo ndogo mfukoni, kubwa zifiche. Ya usalama siwezi kuwadanganya. Juma lile madereva walisema njia imetulia. Juma mbili nyuma yake wasingesema hivyo. Mtu asiondoke kwa sababu amesoma haya. Aulize madereva waliolala barabarani jana, na wakisema ngoja, angoje.

Ukivuka Fizi njia inaanza kushuka, na mahali fulani kilima kinafunguka, unaona ziwa. Dereva akasimama bila kuombwa. Nadhani abiria wote humsimamisha hapo. Mimi nilitegemea kuona maji. Niliona kitu kama mbingu nyingine imelazwa chini, na rasi ya Ubwari imekaa katikati yake kama mtu aliyelala ubavu. Baba wa watoto hakusema neno. Alivua kofia, akaifunga tena, akamwambia dereva, "Twende."

Baraka tulingoja siku mbili. Karatasi za kuvuka tulikuwa tumezianza mapema, na nawashauri mfanye vile vile, mwanzo mwambao wa DGM wa kwenu, msifike ziwani mkiwa na kadi ya mpiga kura peke yake. Kilichotungojesha ni upepo. Wakati wa kiangazi upepo wa kusini unalipiga ziwa, mawimbi yanainuka kama ya bahari kweli, na nahodha mwenye akili hukaa chini ya mti akitazama. Mwenye boti akikuambia leo hapana, mshukuru. Na kabla ya kupanda, dai koti la kuokolea, hata kama wengine wanacheka. Mimi nilidai mawili. Nikavaa langu, nikamfunga baba wa watoto lake kama namfunga mtoto wa kalasi ya kwanza, na mbele ya watu.

Tuliondoka jioni. Usiku ule sitausimulia wote. Nitasema tu kwamba katikati ya ziwa, pande zote giza, alianza kuzungumza mwenyewe, polepole, kama mtu anayesoma barua ya zamani. Kwamba usiku wa 1998 mama yake alimshika masikio asisikie watoto wengine wakilia. Kwamba boti ilikuwa na kuku mmoja wa mtu, na yeye alimtazama kuku yule mpaka asubuhi. Miaka 11 nilikuwa sijui habari ya kuku. Alfajiri taa za Kigoma zikaonekana, akanyamaza, akalala begani kwangu, mzito kama gunia.

Kigoma ni mji wa bandari na reli. Reli ya Wajerumani kutoka Dar es Salaam ilifika pale mwaka 1914, na jengo la stesheni lao bado limesimama, jeupe, la matao. Katika ziwa hili pia ndimo ilimofanya kazi ile meli Liemba, iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikainuliwa mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927. Niliwahi kuwapa wanafunzi swali juu yake katika mtihani. Tulibadilisha dola, tukasogeza saa mbele saa moja, maana kule jua lina saa yake, tukapanda daladala ya Ujiji. Ni mwendo mfupi, kilomita chache tu kuelekea kusini.

Na hapo kelele zikabaki nyuma. Ujiji ni mji mkubwa kwa jina na mtulivu kwa mwenendo. Njia za mchanga, nyumba za udongo na za tofali zenye baraza mbele, miembe minene, michikichi nyuma ya nyumba, wazee wa kofia wanarudi msikitini bila haraka. Hakuna muziki wa baa mpaka asubuhi. Saa nane mchana hata kuku wamelala. Mtu akitaka mji wa kuonyesha picha kwa majirani, aende kwingine. Ujiji haina hoteli ya ghorofa yenye bwawa. Ina kivuli, na ina watu wanaokusalimu na kungoja jibu.

Tulipata chumba katika gesti ndogo ya bibi mmoja, mjane, miaka sabini na kitu. Kitanda, chandarua, ndoo ya maji, baraza la kukaa. Alipotusikia tunazungumza akainua uso kutoka kwenye ungo wake.

"Nyie si wa hapa. Mmetoka wapi, wanangu?"

Baba wa watoto akasema, "Shikamoo bibi. Tumetoka Maniema. Mimi wa Kabambare, mwenzangu wa Kasongo."

Bibi akaweka ungo chini. "Marahaba. Basi hamkutoka, mmefika. Sisi hapa ni Wamanyema."

Mimi neno hili nilikuwa nalijua kitabuni. Wamama wengi hamlijui, kwa hiyo nisimame kidogo. Ujiji, Tabora, Dar es Salaam na hata Buyenzi kule Bujumbura kuna watu wanaojiita Wamanyema. Dar es Salaam, Kariakoo, kuna msikiti unaitwa Msikiti wa Manyema. Ni uzao wa watu waliotoka upande wetu wakati wa misafara ya karne ya 19: wapagazi, wanajeshi wa Waungwana, wanawake walioolewa njiani, na wengi waliokuja na kamba shingoni. Njia ilikuwa moja. Ilianza kwetu, Nyangwe na Kasongo, kule Tongoni ambako Tippu Tip alikuwa na makao yake, ikapita Kabambare, ikafika ziwani, ikavuka hapa Ujiji, ikaendelea Tabora hadi Bagamoyo baharini. Pembe za ndovu zilipita, na waliozibeba pia wakauzwa. Kiswahili tunachozungumza Kasongo kilikuja kwa njia hiyo hiyo, kikipishana na watu wetu waliokuwa wanakwenda upande wa pili.

Bibi alijua kwamba babu wa babu yake "alitoka ng'ambo, Kabambare huko". Hakujua kijiji, hakujua ukoo. Alitoka vipi, hakusema, nasi hatukuuliza. Kuna neno ambalo katika baraza zile halitajwi, na sioni kwa nini mgeni alitaje. Akamwomba baba wa watoto amsalimie kwa Kibangubangu. Akamsalimia. Bibi akacheka, akasema sijaelewa hata tone, sema tena. Akasema tena. Kila asubuhi kwa siku nne, kabla ya chai, bibi alitoka barazani akasema, "Haya, nisalimie kwa kwetu," na baba wa watoto akamsalimia. Siku ya tatu bibi alijibu. Lafudhi ilikuwa ya Ujiji kabisa, lakini alijibu.

Maneno yalituchekesha sana. Sisi tunasema sombe, wao kisamvu. Sisi ndakala, wao dagaa. Moto yetu kwao ni pikipiki au bodaboda. Niliomba lenga-lenga sokoni, mama muuzaji akaniangalia kwa huruma, nikaonyesha kwa kidole, akasema, "Ah, mchicha!" Lakini mawese ni mawese. Mkoa ule ndio unaosifika kwa mawese Tanzania nzima, na bibi alipotuletea maharage ya mawese usiku wa kwanza, tulitazamana kwa sababu yalikuwa maharage ya mama mkwe, harufu mpaka sufuria. Samaki wao mzuri wanamwita mgebuka. Anachomwa mkavu nje na laini ndani, na ubwabwa au ugali. Kuleni na mikono.

Sasa mnauliza, siku nne mlifanya nini. Asubuhi tulikunywa chai ya rangi na maandazi barazani mpaka jua linatoka kwenye mwembe. Kisha tunatembea kwenda ufukweni, pale wanapotengeneza mitumbwi na kuanika dagaa. Kule mchanga mzima unang'aa kwa samaki wadogo, wanawake wanageuza kwa ufagio, watoto wanafukuza kunguru. Tunakaa. Tunazungumza, au hatuzungumzi. Mchana kulala, jambo ambalo mimi sijafanya tangu nilipojifungua wa pili. Jioni ufukweni tena. Siku ya kwanza mikono yangu haikujua mahali pa kukaa. Nilitaka kushika ufagio wa wale wamama niwasaidie. Kwa miaka yote hii mimi na yeye tulikuwa tukizungumza kama dirkta na mhasibu: viatu, dawa, bati, nani atakwenda mkutano wa wazazi. Habari hizo zikiisha, na pale ziliisha siku ya kwanza kabla ya saa sita, mnabaki watu wawili ambao hamjuani vizuri. Kwa saa kadhaa hiyo inatisha kidogo. Wanaokwenda siku moja na kurudi hawafiki hapo. Kaeni siku tatu angalau.

Siku ya pili tulikwenda kwenye jumba la kumbukumbu la Livingstone. Lipo katikati ya Ujiji, bustani yenye miembe na mnara wa mawe uliowekwa mwaka 1927. Ndani kuna sanamu za watu wawili wakiinuliana kofia, Stanley na Livingstone, walipokutana hapo mwishoni mwa 1871. Mwembe wa siku ile ulikufa zamani. Iliyopo sasa, wanasema, ni watoto wake. Sanamu zinachekesha, mtoto wangu wa kwanza angechonga vizuri zaidi. Lakini mimi nilisimama mbele yake nikifikiria sehemu ya habari iliyo ya kwetu. Yule mzee alipokutwa Ujiji alikuwa ametoka kwetu kwa miguu. Alikaa Kabambare, ambayo yeye aliiandika Bambarre, miezi mingi akiuguza vidonda vya miguu. Mwaka 1871 akafika Nyangwe, akalipenda lile soko la kando ya Lualaba, akaandika kwamba wanaojaa pale ni wanawake, wanabeba mizigo yao, wanapigania bei, wanacheka. Tarehe 15 Julai watu wa mfanyabiashara mmoja wakafyatua bunduki sokoni. Wanawake wakakimbilia mitumbwi, mitumbwi ikajaa, wakajitupa mtoni. Wafanyabiashara wenyewe walikadiria waliokufa kati ya 330 na 400. Siku chache baadaye akaondoka, na tarehe 23 Oktoba akaingia Ujiji amechakaa. Barua zake juu ya soko la Nyangwe zilisomwa Uingereza na zikawapa nguvu waliotaka soko la watumwa la Zanzibar lifungwe. Lilifungwa mwaka 1873.

Watalii wanapiga picha na sanamu mbili. Nimewafundisha watoto tarehe hiyo miaka tisa, lakini pale chini ya mwembe ndipo nilipowaona wale wamama wa soko na vikapu vyao, wakiwa na sura kama zetu sisi tunaosoma gazeti hili. Baba wa watoto alikuwa amekaa kwenye benchi. Nikamwambia, huyu mzee alitembea miezi mitatu kutoka kwetu hadi hapa. Akasema, "Sisi na mama tulitembea siku kumi na tisa mpaka ziwani." Hilo pia nilikuwa silijui.

Siku ya tatu tulipanda bajaji kwenda upande wa Kigoma wenye fukwe za mchanga safi na maji ya kuonekana hadi chini. Nililipa kiingilio, nikaoga na kitenge changu. Maji ni baridi kuliko Lualaba, matamu, hayana chumvi, na hapo ndipo Tanganyika inapoishinda bahari: unaweza kuyanywa ukimezwa na wimbi. Baba wa watoto hakuingia. Alikaa mchangani na suruali yake imekunjwa, ndala zimepangwa kando, saa moja, mbili. Nikatoka, nikakaa naye. Hakulia, msije mkasema alilia. Alikuwa anakula karanga. Mwishowe akasimama, akaenda mpaka maji yakafika magotini, akanawa uso, akarudi. "Haya," akasema, "sasa nimekaa."

Jambo ambalo sikulitegemea ni taa. Wavuvi wa dagaa wanatoka usiku wa giza, kwa sababu samaki wadogo wanafuata mwanga, na mwezi mkubwa ukiwepo taa haina nguvu, kwa hiyo wanapumzika. Sisi bila kujua tulifika mwezi ukiwa umekwisha. Usiku wa kwanza nilitoka barazani, nikatazama magharibi, upande wa kwetu, nikaona mji. Mji mrefu wenye taa mamia, mahali ambapo mchana hapakuwa na kitu ila maji. Nikamwuliza bibi, mji gani ule? Akasema, "Ule ni mji wa dagaa, asubuhi unahama." Mkienda, tazameni kalenda kwanza. Usiku wa mwezi mtalala vizuri lakini mji ule hamtauona.

Kwa hiyo kila usiku tulishuka kutazama taa. Anayeuliza kama mume na mke wanashikana mikono hadharani Ujiji, jibu ni hapana, ni mji wa heshima, na mimi nilifunga kitambaa changu vizuri na kuvaa kitenge cha kufika chini. Lakini giza la ufukweni halina majirani.

Usiku wa mwisho bibi alikuja nasi. Alileta kigoda chake, akakaa katikati yetu kama mama mkwe, akatuonyesha taa za watoto wa jirani, nani yuko wapi, eti anawajua kwa jinsi wanavyozipanga. Halafu akanyoosha mkono mbele zaidi, kwenye giza, akauliza Kabambare ni upande gani hasa. Baba wa watoto alifikiri, akaelekeza, akasogeza kidole kidogo kaskazini, akasema hapo. Bibi akatazama hapo kwa muda mrefu.

Kurudi kulikuwa rahisi kuliko kwenda. Ziwa lilitulia, na boti ilikuwa ya wafanyabiashara waliojaza sabuni, mabeseni na unga. Kwa wanaopiga hesabu: zamu moja ya likelemba ilitosha njia ya kwenda na ya kurudi kwa watu wawili, mchele ulilipa gesti, chakula na karatasi, na tulirudi na pesa ya kununua ndakala. Gesti ndiyo iliyokuwa kitu cha bei nafuu kuliko vyote. Moto ndiyo iliyokula zaidi, kwa hiyo mkipata wenzenu wa njia, kodini pamoja. Pelekeni zawadi ya mchele wa kwetu, kilo mbili tatu, kwa mwenye nyumba. Bibi aliupika siku ile ile, akaita majirani, akawaambia umetoka nyumbani.

Ndakala tulileta mfuko mmoja. Mama mkwe alinusa, akaonja mmoja mbichi hivyo hivyo, akasema wana mchanga. Kisha akamwuliza mwanawe kama maji yale bado ni makubwa vile. Akamjibu, "Ni makubwa, mama. Lakini yana ufuko mzuri wa kukaa." Mama mkwe akafunga mfuko, na juma lililofuata, siku ya soko, akaniuliza likelemba yenu inapokea wazee?